Sindano, Mfuko na Orodha: Sheria za Chanjo katika Majimbo ya Marekani

Ukitaja sheria za chanjo mbele ya Wamarekani, mazungumzo hukimbilia kwenye kulazimishwa: je, serikali ina haki ya kumzuia mtoto asiyechanjwa kuingia darasani? Ni ugomvi wa zamani. Massachusetts ilianza kudai chanjo ya ndui kwa watoto wa shule mwaka 1855. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimsikiliza Henning Jacobson, mchungaji aliyegoma kuchanjwa akapigwa faini ya dola 5, na kwa kura saba dhidi ya mbili ikaamua kwamba jimbo lina mamlaka ya kuamuru chanjo kwa ajili ya afya ya umma. Tangu hapo kila kizazi kimerudia ubishi huo kwa maneno mapya, na sidhani kama hiki chetu kimeongeza hoja ambayo Jacobson hakuwa nayo.

Nyuma ya ugomvi huo kuna rundo jingine la sheria lisilopata vichwa vya habari. Hizi hazimlazimishi mtu. Zinamhusu mzazi ambaye tayari anataka mwanawe achanjwe, au mzee anayetaka sindano ya mafua kabla baridi haijaingia, na zinauliza mambo makavu: bili itaenda kwa nani, nani anaruhusiwa kuchoma sindano, na ni chanjo zipi zinazohesabika. Mabunge ya majimbo yamezitunga kwa miaka mingi bila kelele, yale ya Republican na yale ya Democrat. Mwaka 2025 ndipo ilipobainika kwamba karibu zote zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari mmoja, na msumari wenyewe haukuwa kwenye ukuta wa jimbo lolote.

Tuanze na bili, maana ndiyo iliyozaa mengine.

Kwa mama wa Tanga au Kisumu anayempeleka mtoto kliniki na kadi yake mkononi, chanjo za utotoni hazina bei. Bei ipo, ila inalipwa mbali na macho yake, na serikali pamoja na wafadhili. Marekani mambo hayakuwa hivyo. Daktari binafsi alinunua chanjo kwa fedha zake, akazihifadhi katika friji yake, kisha akamtoza mzazi. Bima nyingi za miaka ya 1980 zililipia ugonjwa uliokwisha kuingia, si kuuzuia. Familia isiyo na uwezo iliambiwa iende kliniki ya umma, yaani siku nyingine, foleni nyingine, na ruhusa nyingine ya kuombwa kazini. Wengi hawakwenda. Kati ya 1989 na 1991 surua ikarudi kwa kishindo: wagonjwa zaidi ya 55,000 na vifo zaidi ya 120, wengi wao watoto wadogo wa mijini ambao hawakuwa wamechanjwa. Wazazi wengi wa watoto hao hawakuwa na tatizo na chanjo. Walikuwa wameshafika mbele ya daktari, wakaondoka bila sindano kwa sababu ya bei.

Jibu la Washington lilikuja mwaka 1993. Bunge la shirikisho lilianzisha mpango wa Chanjo kwa Watoto, unaojulikana kwa kifupi VFC, nao ukaanza kazi Oktoba 1994. Serikali kuu hununua chanjo kwa bei ya mkataba na kuzigawa bure kwa madaktari kwa ajili ya watoto wa hadi miaka 18 walio katika Medicaid (bima ya umma ya watu wa kipato kidogo), wasio na bima kabisa, wenye bima isiyolipia chanjo, na watoto wa jamii asilia za Marekani na Alaska. Leo mpango huo unagusa karibu nusu ya watoto wote wa nchi. Ni miongoni mwa mambo machache katika afya ya Marekani ambayo yalibuniwa vizuri na yakafanya kazi kama yalivyobuniwa.

Nusu nyingine ilibaki kwa bima binafsi, na hapo ndipo majimbo yaliposhika jembe. Baadhi yao, kama vile New Hampshire, Vermont, Maine, Rhode Island na Washington, yaliamua jimbo linunue chanjo za watoto wote, tajiri na maskini. Habari ya jimbo la Washington ndiyo inayofundisha zaidi. Kwa miaka kadhaa lilikuwa likinunua kwa fedha za hazina yake. Mdororo wa uchumi ulipoukausha mfuko, wabunge walikata fungu hilo, na ilielekea madaktari warudi kununua wenyewe. Badala yake, mwaka 2010 kikaundwa chama cha kukusanya michango kutoka kampuni za bima. Mtoto mwenye bima binafsi akichanjwa, kampuni yake hulipa mchango kwa dozi hiyo. Mchango unakwenda kwa jimbo, na jimbo linanunua chanjo kwa mkataba wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, ambao bei yake ni ya chini kuliko ya sokoni. Bima inalipa pungufu ya ambavyo ingelipa, daktari haweki mtaji, mzazi hatoi senti. Anayenung'unika ni mtengenezaji wa chanjo, ambaye ameuza bidhaa ileile kwa bei ndogo.

Kuna faida moja ambayo watunga sera huisahau na wauguzi hawaisahau kamwe. Chini ya VFC, kliniki inayohudumia watoto wa VFC na wa bima binafsi lazima itenganishe chanjo za serikali na zile ilizonunua yenyewe, kila dozi na hesabu yake. Muuguzi anafungua friji, anauliza kwanza bima ya mtoto, ndipo ajue achukue kichupa cha rafu ipi. Jimbo likinunua zote, rafu inakuwa moja. Kwa kliniki ndogo ya kijijini yenye wafanyakazi watatu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama itatoa chanjo au itamwambia mzazi aende mji wa pili. Vermont ilisogea mbele zaidi ikaingiza watu wazima wa hadi miaka 64 katika ununuzi wa pamoja, jambo ambalo majimbo mengi hayajathubutu, ingawa mtu mzima asiye na bima ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Swali la nani achome sindano lilikuwa na historia nyepesi kidogo. Leseni za kazi za afya Marekani hutolewa na majimbo, si na serikali kuu, hivyo kila bunge la jimbo lilipaswa kuamua peke yake kama mfamasia anaweza kuchanja. Vyama vya madaktari vilipinga, kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo kufikia 2009 majimbo yote 50 yalikuwa yamekubali kwa kiwango fulani. Hoja ya duka la dawa ilikuwa ya kawaida tu na haikuhitaji utafiti mkubwa: liko karibu, linafunguliwa jioni na Jumapili, na halidai miadi. Lakini "kiwango fulani" kilitofautiana mno. Jimbo moja liliruhusu mafua tu kwa watu wazima, jingine chanjo yoyote kwa mtoto wa miaka saba, jingine lilidai agizo la daktari kwa kila mteja. Agosti 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, serikali kuu ilipita juu ya tofauti hizo kwa amri ya dharura na kuwaruhusu wafamasia nchi nzima kuchanja watoto kuanzia miaka mitatu. Sehemu ya ruhusa hiyo, kwa chanjo za UVIKO-19 na mafua, iliongezewa muda hadi mwisho wa 2029. Zilizobaki zilirudi mikononi mwa majimbo, na mengi yakatunga sheria ili wananchi wasinyang'anywe walichokwisha kukizoea.

Sasa tufike kwenye orodha.

Mtunga sheria anapoandika kwamba mfamasia anaweza kutoa chanjo, au kwamba bima lazima ilipie chanjo, sentensi inayofuata lazima iseme chanjo zipi. Angeweza kuziandika kwa majina, lakini sayansi hubadilika na bunge la jimbo hukutana kwa miezi michache tu. Kwa hiyo waandishi wa miswada walichukua njia ya mkato iliyoonekana salama kabisa: chanjo zote zinazopendekezwa na kamati ya wataalamu inayoishauri CDC, iliyoundwa mwaka 1964 na inayojulikana kama ACIP. Serikali kuu nayo ilifanya vivyo hivyo. Sheria ya VFC ya 1993 iliipa kamati hiyo mamlaka ya kuamua chanjo zipi zinunuliwe. Sheria ya bima ya 2010, ile ya Obama, ilizitaka bima binafsi zilipie bila mchango wa mgonjwa chanjo zinazopendekezwa na kamati ileile. Kuanzia Januari 2023 wazee wenye bima ya Medicare walipata bure chanjo za maduka ya dawa kwa masharti hayohayo, na Oktoba mwaka huo watu wazima wa Medicaid wakafuata.

Kila sheria, ikitazamwa peke yake, ilikuwa na busara. Kwa pamoja zilijenga nyumba nzima juu ya dhana kwamba kamati ya wataalamu itabaki kamati ya wataalamu.

Juni 9, 2025, Waziri wa Afya Robert F. Kennedy Jr. aliwaondoa wajumbe wote 17 wa kamati hiyo kwa mkupuo akateua wengine. Wiki chache kabla alikuwa ametangaza kwamba chanjo ya UVIKO-19 haitapendekezwa tena kwa watoto wenye afya njema na wajawazito. Mwishoni mwa Agosti mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ikaidhinisha chanjo mpya za UVIKO-19 kwa wenye miaka 65 na zaidi, na kwa walio chini ya hapo wenye maradhi yanayowaweka hatarini. Kamati mpya ilikuwa haijapiga kura. Katika majimbo ambayo sheria zake zilimfunga mfamasia kwenye kura hiyo, maduka makubwa ya dawa yalijikuta hayana ruhusa. Kwa siku kadhaa mteja aliyeingia dukani katika jimbo moja alichanjwa bila swali, na mwenzake, umri uleule, duka la kampuni ileile, jimbo jirani, akaambiwa alete agizo la daktari au akaambiwa chanjo haipo kabisa. Hakuna bunge la jimbo lililokuwa limekaa na kuamua jambo hilo. Lilitokana na aya iliyoandikwa miaka kumi au kumi na mitano nyuma na mtu aliyetaka kuokoa muda.

Majimbo yalikurupuka. Septemba 3 bodi ya wafamasia ya Pennsylvania ilipiga kura kuwaruhusu wafamasia wafuate pia mapendekezo ya vyama vya madaktari. Siku iyo hiyo California, Oregon na Washington yalitangaza muungano wa afya wa pwani ya magharibi, Hawaii ikajiunga kesho yake. Septemba 5 gavana wa New York, Kathy Hochul, alitoa amri ya dharura ili wafamasia wachanje bila agizo la daktari. Massachusetts ilizitaka kampuni za bima zilipie chanjo zinazopendekezwa na idara yake ya afya, hata kama serikali kuu haizipendekezi. Kati ya Septemba na Oktoba majimbo ya kaskazini-mashariki yalikuwa na ushirikiano wao, California ilikuwa imepata sheria mpya, na New Mexico ilikuwa imetumia kikao maalumu cha bunge kuipa idara yake ya afya uwezo wa kujiwekea mapendekezo.

Ukizisoma hatua hizi kwa pamoja utaona namna tatu za kung'oa msumari, na hazilingani ubora.

Ya kwanza ni kuganda kwenye tarehe. Sheria ya California iliyotiwa saini Septemba 17, 2025 inachukua mapendekezo ya kamati kama yalivyokuwa Januari 1, 2025, kabla ya mabadiliko yote, na kuyafanya kuwa msingi. Ni rahisi kueleweka mahakamani na hakuna wa kuichezea. Tatizo lake ni kwamba chanjo itakayovumbuliwa 2027 haimo. California iliona shimo hilo ikaipa idara yake ya afya uwezo wa kuongeza na kurekebisha. Bila kifungu hicho, sheria ya kulinda chanjo ingegeuka baada ya miaka michache kuwa kizuizi cha chanjo.

Ya pili ni kutaja vyama vya kitaaluma: chama cha madaktari wa watoto, cha madaktari wa uzazi, cha madaktari wa familia. Colorado ilianza kuelekea huko mapema 2025, kabla kamati haijafukuzwa, ilipopitisha sheria ya kuvitazama pia vyama hivyo. Naelewa kwa nini inavutia. Chama cha madaktari wa watoto kilitoa ratiba yake Agosti 2025 kikaendelea kupendekeza chanjo ya UVIKO-19 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, na ratiba yake iliheshimiwa kuliko ile ya serikali. Lakini chama ni chama. Kina wanachama wanaolipwa kwa kazi wanayoipendekeza, hakichaguliwi na raia, na hakuna anayeweza kukiita mbele ya bunge kujieleza. Ipo pia hoja ya kikatiba inayongoja wanasheria wenye subira: je, bunge linaweza kukabidhi kundi binafsi uamuzi utakaokuwa sheria kesho na keshokutwa? Kuhamisha msumari kutoka ukuta wa CDC kwenda ukuta wa chama si ukombozi. Colorado ilifanya vyema kuandika kwamba vyama vitazingatiwa, bila kusema vitafuatwa.

Ya tatu ni jimbo kuandika orodha yake lenyewe, kupitia idara ya afya au kamati ya wataalamu wake, kama Massachusetts. Wapinzani wanasema huko ni kuiingiza siasa katika chanjo. Ni kweli, na mifano ipo. Februari 2025 idara ya afya ya Louisiana iliacha kampeni za kuhamasisha watu wengi kuchanjwa. Septemba 3, siku ileile ambayo pwani ya magharibi ilitangaza muungano, gavana wa Florida Ron DeSantis na daktari mkuu wa jimbo hilo Joseph Ladapo walitangaza nia ya kufuta masharti yote ya chanjo. Idara ya jimbo ni mali ya gavana. Hata hivyo mimi nachagua njia hii, kwa sababu siasa iliyo karibu inaweza kuadhibiwa. Mzazi wa Boston anajua ofisi ya gavana wake ilipo na anampigia kura. Kamati ya CDC hakuwahi kuipigia kura hata ilipokuwa nzuri. Miungano ya majimbo inatatua udhaifu uliobaki, kwamba jimbo dogo haliwezi kulisha wataalamu wa magonjwa, takwimu na dawa peke yake. Hawaii haina sababu ya kuanzisha kamati yake wakati California inayo.

Lakini orodha hailipi bili, na hapa ndipo furaha ya Septemba 2025 inapopaswa kupungua.

Sheria ya jimbo inayoiamuru bima kulipia chanjo haimfikii kila mwenye bima. Zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wanaopata bima kazini wako katika mipango ambayo mwajiri mwenyewe ndiye anayebeba gharama, na kampuni ya bima inaendesha makaratasi tu. Mipango hiyo iko chini ya sheria ya shirikisho ya 1974 iitwayo ERISA, na jimbo haliwezi kuigusa. Wafanyakazi wawili wa ghala moja jijini Boston, mmoja wa kampuni ndogo iliyonunua bima, mwingine wa kampuni kubwa inayojilipia, wanaweza kuwa na kadi zenye nembo ileile, na mmoja akalindwa na sheria ya Massachusetts huku mwingine akitegemea hisani ya mwajiri. Nembo ya kadi haimwambii lolote kuhusu hilo. Chama cha kampuni za bima kiliahidi Septemba 2025 kwamba wanachama wake wataendelea kulipia chanjo zote zilizokuwa zikipendekezwa Septemba 1, 2025, hadi mwisho wa 2026. Ilikuwa ahadi ya kiungwana na ya kibiashara pia, maana kulaza mtoto mwenye surua hospitalini ni gharama kubwa kuliko kumchanja. Ahadi si sheria.

Upande wa maskini kuna ukuta mwingine. VFC inanunua kile ambacho kamati ya shirikisho imekipigia kura. Jimbo linaweza kupendekeza zaidi, lakini kamati ikiondoa chanjo katika orodha ya VFC, italazimu jimbo linunue dozi za nusu ya watoto wake kwa fedha zake. Desemba 2025 kamati mpya ilipiga kura kuacha pendekezo la tangu 1991 kwamba kila mtoto apate chanjo ya homa ya ini B anapozaliwa. Januari 2026 CDC ilipunguza magonjwa ambayo kila mtoto anapendekezewa chanjo kutoka 17 hadi 11, nyingine zikahamishiwa kwenye makundi yaliyo hatarini au kwenye kile kinachoitwa uamuzi wa pamoja kati ya daktari na mzazi. Serikali ilisema bima na VFC vitaendelea kulipia zote. Msomaji wa haraka angesema basi hakuna kilichobadilika.

Kimebadilika, na tena mahali ambapo sheria za majimbo zilikuwa zimefanya kazi nzuri kuliko pote. Chanjo inayopendekezwa kwa kila mtoto hutolewa kwa agizo la jumla: muuguzi anatazama umri na kadi, anachoma, mtoto anakwenda zake. Chanjo ya uamuzi wa pamoja inahitaji mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji mtu mwenye muda na leseni. Katika kliniki ya mama anayelipwa kwa saa, muda ni kitu cha kwanza kukosekana. Kwa hiyo bila kufuta senti moja ya malipo, unaweza kupunguza idadi ya sindano kwa kubadili kundi tu. Sheria ya jimbo inayotaka kujibu hili inapaswa kusema wazi kwamba agizo la jumla linatosha kwa chanjo zote za orodha ya jimbo. Nyingi zilizotungwa kwa haraka hazikufika huko.

Kwa sababu hiyo naona majimbo yanayonunua kwa pamoja ndiyo yaliyo na kinga halisi. Yana mfuko, yana chama cha kukusanya, yana mazoea ya kuagiza na kusambaza. Orodha ya shirikisho ikitetereka, yana cha kufanya zaidi ya kutoa tamko, ingawa nayo yatakumbana na bei ya soko pale mkataba wa CDC usipotumika. Jimbo lililobadili jina la orodha peke yake limejipatia haki ya kupendekeza chanjo ambazo huenda hakuna atakayezilipia.

Kuna pingamizi zito ambalo sipendi kulikwepa. Mlipuko wa surua wa Texas magharibi ulioanza Januari 2025 uliwapata watu 762 ukaua watoto wawili wa umri wa shule, wote hawakuwa wamechanjwa. Kitovu chake, Gaines County, kilikuwa na takriban asilimia 18 ya watoto wa chekechea walioombewa msamaha wa chanjo. Kliniki zilifungua milango, chanjo ilikuwa bure, na wengi hawakuja. Upande wa pili kuna Mississippi, mojawapo ya majimbo maskini kuliko yote, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na karibu asilimia 99 ya watoto wa chekechea waliochanjwa surua kwa sababu halikutambua msamaha wowote usio wa kitabibu, hadi mahakama ya shirikisho ilipoamuru vingine mwaka 2023. Mtu anaweza kusema: acheni habari ya friji na bili, kinachofanya kazi ni sharti.

Tazama hesabu ya nchi nzima, hata hivyo. Katika mwaka wa shule wa 2024–25, asilimia 92.5 ya watoto wa chekechea walikuwa na dozi zao za surua, kutoka 95.2 miaka mitano nyuma. Yaani 7.5 hawakuwa nazo au hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha. Walioombewa msamaha wa chanjo yoyote walikuwa asilimia 3.6. Toa moja katika nyingine, unabaki na zaidi ya nusu ya pengo ambao wazazi wao hawakupinga lolote. Hawa ni watoto waliokosa siku ya kliniki, waliohama jimbo kadi ikapotea, au ambao kumbukumbu zao hazimo kwenye daftari la jimbo. Texas, kwa mfano, haimwandiki mtu katika daftari lake la chanjo bila idhini yake, tofauti na majimbo mengi yanayomwandika kila mtu isipokuwa anayekataa. Gaines County ni kweli, na kelele yake inafunika kundi kubwa kuliko lenyewe. Machi 2025, surua ikiwa bado inaenea jimboni humo, wizara ya afya ya shirikisho iliondoa zaidi ya dola bilioni 11 za ruzuku za afya zilizotoka wakati wa janga, na Dallas County ikafuta kliniki zaidi ya 50 za chanjo. Waliopangiwa kwenda kwenye kliniki hizo hawakuwa wapinzani.

Mambo haya yanawagusa Waswahili kwa njia mbili ambazo hazihitaji kutafutwa. Familia za wakimbizi kutoka Kongo zilizopelekwa Kentucky, Ohio au Texas zilianza maisha kwa Medicaid, hivyo chanjo za watoto wao zilitoka VFC, na kilichomo ndani ya VFC kinaamuliwa na kamati ileile. Anayeomba ukazi wa kudumu, akiwemo aliyeshinda bahati nasibu ya viza akiwa Dar es Salaam au Mombasa, anatakiwa na sheria ya 1996 aonyeshe chanjo kadhaa zilizotajwa kwa majina pamoja na nyingine zinazopendekezwa na kamati hiyo. Sheria hiyo ndiyo iliyofanya chanjo ya HPV iwe sharti la uhamiaji kwa wasichana na wanawake vijana kati ya 2008 na 2009, kisha ikaondolewa, na chanjo ya UVIKO-19 iwe sharti kuanzia Oktoba 2021 hadi Januari 2025. Hapa majimbo hayana la kusema, kama yasivyokuwa na la kusema Juni 2025 Kennedy alipotangaza kwamba Marekani haitachangia tena Gavi, mfuko unaosaidia kununua chanjo za watoto wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Gavana anaweza kujaza pengo la jimbo lake. Hana fungu la Kisumu.

Ndani ya nchi, kalenda ndiyo inayosukuma. Ahadi ya kampuni za bima inaisha Desemba 31, 2026. Amri za dharura za magavana zina muda wake na lazima zihuishwe au zigeuzwe sheria. California na Massachusetts zina mabunge yanayokaa sehemu kubwa ya mwaka, na tayari zina sheria za kufanyia kazi. Bunge la Texas hukutana mara moja kila miaka miwili, katika miaka ya witiri, na gavana asipoita kikao maalumu, wabunge wake watarudi Austin Januari 12, 2027, siku kumi na mbili baada ya ahadi hiyo kumalizika.